Mvua Inauzwa Dola 40: Niliyoyasema Jumamosi Kuhusu Bei za DLC

Wadau, wengi mlikosa kuja Jumamosi kwenye maongezi yetu ya gemu kwa sababu ya mvua, na mkisoma mpaka mwisho mtajua kwa nini hiyo sababu imenichekesha sana. Nimeombwa niandike yote niliyoongea, basi haya hapa, kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha, hata waliokuwepo hawakuziona vizuri, projekta ilikuwa inagoma.

Haya. Wazazi shikamooni, nawaona kule nyuma, sogeeni mbele viti vipo. Vijana mambo vipi. Asanteni kwa kuja na matope yote haya.

Kuna mzee mmoja kaniuliza pale mlangoni, mwanangu leo mnaongelea nini? Nikamwambia mzee tunaongelea bei za DLC. Akaniuliza, hiyo ni dawa ya nini? Mzee wangu, si dawa. DLC ni kitu cha kuongezea kwenye gemu ambayo umeshainunua, ramani mpya, nguo, gari, mchezaji, kipande cha hadithi kinachoendelea, unalipa kinashuka kwa intaneti basi. Si dawa, ila ukisema ni ugonjwa sitabishana na wewe.

Mimi mnanijua, nimekaa na kibanda cha gemu Temeke miaka tisa, TV nne, pedi nane za kuchezea ambazo kila siku mbili zinakuwa mbovu, na watoto wa watu wananiita "bosi" huku wananidai chenji ya jero. Sijasomea uchumi. Ila nimekaa miaka tisa naangalia hela inavyotoka mfukoni kwa mtu anayecheza, na hicho ndo nilichokuja nacho leo.

Tuanze na farasi.

Mwaka 2006 kampuni ya Marekani inaitwa Bethesda ilitoa gemu inaitwa Oblivion, mwezi wa tatu. Gemu kubwa kweli kweli, dunia nzima unazunguka na upanga wako na farasi wako. Mwezi haujafika, mwezi wa nne umeanza tu, wakaweka sokoni vazi la chuma la farasi. La farasi jamani, sio la kwako. Bei dola 2 na nusu, kwa enzi zile kama buku tatu hivi za kwetu. Watu dunia nzima wakacheka, wakatukana, wakatengeneza utani ambao mpaka leo ukitaja "vazi la farasi" mbele ya mchezaji wa zamani anatabasamu. Sasa niwaulize, walicheka halafu wakafanya nini?

Wakanunua!

Na angalia kitu kimoja hapo, kwenye Xbox, ile mashine ya kuchezea gemu, lile vazi halikuandikwa dola 2 na nusu. Liliandikwa pointi 200. Hela ya Xbox enzi hizo ilikuwa pointi, na dola moja ilikuwa pointi 80. Nani hapa anagawanya kwa 80 kichwani? Nyoosha mkono. Hamna. Na aliyeipanga alijua kwamba hamna. Hilo la pointi lishikeni, nitalirudia.

Sasa mwezi wa nne 2025, miaka 19 baadae, Oblivion ikatoka tena imesafishwa upya. Ya kawaida dola 50, ile ya kifahari dola 60, na ndani ya ile ya kifahari kati ya vitu vilivyoongezwa kuna nini? Vazi jipya la farasi. Watu wakacheka tena. Wakanunua tena. Mimi hapo nilivua kofia, kampuni imegeuza aibu yake kuwa bidhaa.

Zamani haikuwa hivi, na sisemi zamani kila kitu kilikuwa kizuri, zamani hiyo hiyo tulikuwa tunanunua CD za kopi Kariakoo tunajificha. Ila nyongeza ilikuwa kitu kizima. Age of Empires ya pili, mnaikumbuka? Mwaka 2000 ikaja nyongeza yake The Conquerors, mataifa mapya matano, vita vipya, ukiiweka unajua umeweka kitu. Leo kitu kama kile kingekatwa vipande kumi na kila kipande kina bei yake na picha yake ya kung'aa.

Wazazi, nitawapa mfano wa kwetu ili twende pamoja. Umeenda kwa muuza chipsi, umemwambia chipsi mayai, umelipa. Anakuletea chipsi. Unauliza mayai yako wapi? Anasema mayai ni ya kuongezea. Haya, unalipa mayai. Chumvi? Ya kuongezea. Kachumbari? Ya kuongezea. Unakula wima, unauliza kiti, anakuangalia tu. Utamvumilia? Kwa muuza chipsi utagombana mpaka watu wajae. Kwenye gemu tunalipa kimya kimya usiku wa manane peke yetu, hamna wa kugombana naye.

Na mnadhani natia chumvi. Nina mpwa wangu, binti wa dada, ana miaka 12, anacheza The Sims 4 kwenye kompyuta ya mama yake. Kwa wasioijua ni gemu ya kuendesha maisha ya watu, unajenga nyumba, unawaoza, wanapika, wanagombana, kama tamthilia ila wewe ndo mtunzi. Ilitoka 2014, na tangu mwezi wa kumi 2022 gemu yenyewe ni bure. Bure kabisa! Dada yangu akafurahi, akasema afadhali hii haina gharama. Siku moja mtoto akanipigia, mjomba naomba hela. Ya nini mama? Ya mvua.

Nikamwuliza mara mbili. Ya nini? Ya mvua mjomba.

Jamani, mvua! Kwenye hiyo gemu misimu ya mwaka, mvua, theluji, jua kali, vyote vipo kwenye pakiti inaitwa Seasons ya 2018, dola 40. Kwa hesabu rahisi ya dola moja 2,500 hiyo ni laki moja taslimu. Laki moja inyeshe. Unataka mbwa na paka? Pakiti nyingine, 2017, dola 40. Unataka shamba na ng'ombe? Nyingine, 2021, dola 40. Unataka kufua nguo, kufua tu na kuanika kwenye kamba, ipo, dola 10. Mnacheka, mimi nilicheka mpaka nilipoenda kusoma. Mwaka 2018 walitoa pakiti ya dola 10 ya vitu vya wanyama wadogo, na vitu vingi vya ndani yake vilikuwa vya mbwa na paka, yaani kama hujanunua ile ya dola 40 kwanza, hii uliyonunua nusu yake inakaa tu haina kazi. Nyongeza ya nyongeza. Umenunua leso, halafu wanakuambia tafuta pua.

Pakiti kubwa peke yake za gemu hiyo zimeshapita 15, ukiweka za kati na ndogo zote kwa bei ya dukani unavuka dola 1,000. Narudia kwa wale wa nyuma, dola elfu moja na zaidi, milioni mbili na nusu za kwetu, kwa gemu ambayo ni bure. Hiyo ni pikipiki ya kuanzia maisha.

Sasa kuna mtu atasema bosi, si unachagua, hamna aliyekushikia panga. Kweli. Na watengenezaji nao wana hoja yao siifichi, kutengeneza gemu kubwa leo ni kazi ya mamia ya watu miaka mitano sita, na bei ya gemu mpya ilikaa dola 60 karibu miaka 15 wakati mkate na nauli zinapanda, ndo 2020 wakaanza kugusa 70. Kwa hiyo walitafuta hela pembeni. Naelewa. Na zipo nyongeza za haki kabisa. The Witcher ya tatu ilitoa Blood and Wine 2016, dola 20, nchi nzima mpya, masaa na masaa, kuna gemu kamili hazifikii ile. Kampuni hiyo hiyo 2023 ikatoa Phantom Liberty ya Cyberpunk, dola 30. Mwaka 2024 wajapani wa Elden Ring wakatoa Shadow of the Erdtree, dola 40. Zote tatu nzuri, sina neno baya. Lakini hebu zisome tena hizo bei polepole. 20. 30. 40. Miaka minane. Hata kile kizuri kimepanda mara mbili na tumeshukuru.

Kilichonikera zaidi ya bei ni kwamba hata ukilipa, ulichonunua sio chako.

Hili lilinipata mimi mwenyewe, gemu siitaji wala duka silitaji maana sijaja kugombana na mtu. Nilinunua diski hapa mjini, diski nzuri imefungwa na nailoni yake, imetoka Ulaya. Akaunti yangu ya konsoli, yaani mashine yangu ya gemu, ni ya Marekani, mnajua tunavyofanya, huku kwetu ukitaka duka zima unafungua akaunti ya nchi ya watu na unanunua vocha kwa wale vijana wa simu, vocha ya dola 25 unauziwa kama ya 30. Nikachanga, nikanunua nyongeza dola 25, ikashuka usiku kucha, bando la gigabaiti limekata mara mbili. Asubuhi naifungua, haipo. Nazima nawasha, haipo. Kumbe diski ya Ulaya inataka nyongeza ya duka la Ulaya, ya Marekani haiitambui. Hela imeenda, bando limeenda, kitu kimekaa ndani ya konsoli yangu kinaniangalia. Naambiwa suluhisho ni kununua gemu ile ile tena upande wa Marekani. Yaani nimenunua mlango wa Ulaya kwenye nyumba ya Marekani. Kosa langu? Kidogo. Lakini niambieni, ni wapi pale iliandikwa kwa herufi ambazo mtu mwenye macho mazima anaweza kuzisoma?

Mwaka 2012 kampuni ya Capcom walitoa gemu ya ngumi, Street Fighter X Tekken, watu wakaichokonoa diski wakakuta wapiganaji 12 wako humo humo ndani tayari, wamepigwa kufuli, ufunguo ndo utauzwa baadae. Diski unayo mkononi! Na wale wa gemu ya Destiny 2 ndo waliniacha hoi. Watu walinunua nyongeza yake Forsaken 2018, dola 40 ilipotoka. Mwezi wa pili 2022 kampuni ikaiondoa hadithi ya Forsaken ndani ya gemu. Ikaondoka, na mwaka 2020 walishaondoa hadithi ile ya mwanzo kabisa ambayo watu walinunulia gemu yenyewe. Walisema gemu imekuwa kubwa mno haibebeki. Sawa, mwenye nyumba, sebule imekuwa kubwa mno, lakini kochi hilo nililipia mimi.

Sasa tufike kwenye mpira, maana naona vijana mmeshaanza kugeuka geuka.

Kwenye kibanda changu mechi ni jero. Unakaa, unachagua Yanga wa kufikirika au Simba wa kufikirika kwa maana ya Madrid na City, unapigwa tano bila, unaondoka. Umelipa jero umepata mechi. Kwenye hiyo hiyo gemu ya mpira, FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, kuna upande mwingine wa kujenga timu yako kwa kadi za wachezaji, ulianza enzi za FIFA 09. Kadi zinakuja kwenye pakiti zilizofungwa. Unaweza kuzipata kwa kucheza sana, sana, sana, au unanunua pointi kwa hela ya kweli halafu pointi zinanunua pakiti. Na unaponunua pakiti hujui ndani kuna nani. Unaweza kumpata mfalme, unaweza kumpata beki wa kulia wa ligi ya pili ambaye hata mama yake hajui kama yumo kwenye gemu.

Mwaka ukiisha, mwezi wa tisa gemu mpya inatoka. Ile timu yako uliyoijenga kwa hela na kwa usingizi inahamia kwenye gemu mpya? Haihami. Unaanza na wachezaji wa buku buku. Jamani sisi si ndo tunaolalamika kila siku kwamba bando linaisha kabla hatujalimaliza? Tunapiga simu, tunaongea kwenye daladala, mpaka bungeni limeongelewa. Sasa hii ni nini? Hili ni bando la mwaka mmoja, linaisha kila Septemba, na tunalinunua tunapiga makofi.

Na hapa ndo narudi kwenye zile pointi za farasi. Mnaona ni kitu kile kile? Pointi, almasi, UC, V-Bucks, kila gemu ina hela yake, na zote zina kazi moja, usione shilingi yako inavyotoka. Unachotaka kina bei ya pointi ambazo mafungu yanayouzwa hayalingani nazo, unanunua fungu kubwa, inabaki chenji, ile chenji haitoshi kitu na hairudi, unaongezea nyingine ili ile chenji isife. Dada zangu wa vikoba hapa mnaelewa haraka kuliko hawa vijana. Kwenye kibanda mtoto ananidai jero ya chenji anasimama mlangoni haondoki mpaka nimpe. Huyo huyo ana chenji ya pointi 150 imelala kwenye simu tangu mwaka juzi na hajawahi kumwuliza mtu.

Wenzetu wengine wameshtuka. Ubelgiji mwaka 2018 tume yao ya kamari ilisema pakiti za kulipia bila kujua kilichomo ni kamari, na kufikia mwisho wa mwezi wa kwanza 2019 EA, kampuni yenye gemu hiyo, wakaacha kuuza pointi za FIFA kule. Mpira unachezwa kule kama kawaida, hakuna aliyekufa. Uholanzi walijaribu kuwapiga EA hao hao faini ya milioni 10 za euro, kampuni ikakata rufaa, 2022 mahakama ya juu ikaifuta. Kwa hiyo sio kwamba dunia nzima imekubaliana, wanavutana.

Wazazi hili la mwisho ni la kwenu hasa. Mwezi wa kumi na mbili 2022 Marekani, Epic wenye Fortnite walikubali kulipa dola milioni 520 kwenye kesi mbili na tume ya biashara ya huko. Milioni 245 kati ya hizo ni za kuwarudishia watu. Kwa nini? Tume ilisema vitufe vilipangwa vibaya kiasi kwamba mtu anabonyeza mara moja tu amenunua, mwingine anawasha gemu kutoka kulala amenunua, mwingine anataka kuangalia tu nguo amenunua. Watoto wakanunua bila wazazi kujua, na mzazi akienda kulalamika benki, akaunti ya mtoto inafungwa na vitu vyote alivyowahi kulipia. Huko wana tume, wana wanasheria, na bado ilichukua miaka. Wewe simu yako ina kadi ya benki imeunganishwa na mtoto anajua namba ya siri kwa sababu ni mwaka wake wa kuzaliwa. Badilisha leo. Toka hapo ulipokaa, fungua duka la programu, weka kila manunuzi yaombe namba ya siri, na namba iwe ya mwaka wa bibi yako. Dakika tatu. Kama hujui njoo kibandani nitakuwekea bure, soda juu yako.

Na vijana, mimi sina la kuwakataza, mtu mzima ana hela yake. Nina daftari tu. Ile ya kawaida ya shuleni. Kila unapolipia kitu ndani ya gemu andika kwa shilingi, sio pointi, sio dola, shilingi, na tarehe. Mteja wangu mmoja nilimpa daftari hilo, dereva wa bajaji, akaandika miezi mitatu halafu akalirudisha akaniambia bosi chukua daftari lako linanitia presha. Sikumwuliza jumla. Ila siku hizi anakuja kibandani, jero, mechi, anaondoka. Na subirini punguzo jamani, hizi nyongeza nyingi zinashuka bei ukisubiri, farasi wako hatakufa kwa baridi.

Hapo nilikuwa nimemaliza, nikasema kama kuna swali. Akasimama yule yule mzee wa mlangoni, akasema mwanangu nimekuelewa vizuri, ila hujamalizia, yule mtoto mvua ulimnunulia au hukumnunulia?

Mzee, nilimnunulia. Nilisubiri miezi minne ikashuka nusu bei, nikatoa elfu hamsini, ni mpwa wangu nifanyeje. Jioni hiyo hiyo nikapigiwa. Mvua imenyesha mjomba, imenyesha nzuri sana, ila kuna radi, na radi imempiga baba mwenye nyumba kafa pale pale kwenye bustani. Nikampa pole. Akanyamaza kidogo, nikajua linakuja jambo.

Akasema mjomba, mazishi nayo ni ya kulipia. Kuna pakiti imetoka 2024, ina mazishi na urithi.

Shilingi ngapi?

Dola 40.